Mahari ya Mwamini

Mwenye kosa ni mimi. Naliandika hili katika mstari wa kwanza kwa sababu katika familia yetu nafasi hiyo imejazwa jina la mtu mwingine, na mtu huyo hakupewa hata siku moja fursa ya kulifuta. Shangazi yetu Mwamini hakuondoka nyumbani kwetu, mtaa wa Biryogo, kwa sababu ya seremala Karoli. Aliondoka kwa neno nililompelekea mimi, kwa miguu yangu, katika umri wa kung'oka meno ya mbele, na bila kutumwa na mtu.

Nisingelirudia jambo hili kama si ubao. Mdogo wangu Idi, ambaye nyumba ya baba iko kwa jina lake, ameamua kugeuza dari kuwa chumba cha kuishi. Alifanya uamuzi huo bila kunishirikisha, ingawa mimi ndiye ninayeishi chini ya dari hiyo tangu nilipostaafu. Nilitambua kuna jambo nilipomkuta kijana mmoja, mchora ramani kutoka Remera, akipima ukumbi wangu kwa kifaa kinachorusha nukta nyekundu ukutani. Nilimwuliza anapima nini. Akajibu, "Naangalia tu, Mama," na watu wakiniambia wanaangalia tu, mimi huenda kutafuta kalamu.

Kijana huyo alipanda darini na baada ya muda akateremsha ubao mrefu wa msonobari, umeliwa na wadudu pembeni. Aliponikabidhi, ile harufu ikashuka nao: vigae vilivyochomwa na jua, chumvi ya zamani, vumbi, na chini kabisa ya vyote hivyo, utomvu wa mbao mbichi, ambao sikutegemea kuukuta baada ya maisha mazima ya mtu. Nikapangusa kwa ncha ya mtandio. Kulikuwa na mstari mmoja uliochorwa kwa penseli, na chini yake maneno kwa herufi kubwa zilizolalia upande mmoja: MAHARI YA MWAMINI.

Idi alicheka mpaka akashika kiuno.

"Umeona, dada? Kila siku unasema labda yule mtu alisingiziwa. Huyu hapa, kaandika mwenyewe. Mahari, kwa penseli."

"Hujui ulichosoma," nikamwambia.

"Nimesoma kilichoandikwa. Kijana, huu ubao usiutupe. Chumba kikikamilika tunautundika ukutani juu kule, wageni wapate kucheka. Seremala alitaka kumwoa shangazi yetu, akaanza kuandika mahari kwenye ubao wa mwenye nyumba!"

Mchora ramani naye akacheka, kwa adabu, kama anavyocheka mtu anayetegemea kazi. Mimi nimemaliza utumishi wangu wote katika masjala. Nimeona jalada lililopotea likisamehewa, kwa kuwa kila mtu hujua kwamba halipo. Nililoliogopa siku zote ni jalada lililopo, lenye mhuri, na lililosomwa vibaya. Nikauchukua ubao, nikaufungia chumbani kwangu, na ufunguo ninao.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Nyumba aliijenga babu yake, mfanyabiashara aliyekuja na mizigo kutoka pwani, na kwa sababu ya mizigo hiyo aliinua paa kuliko majirani wote, ili chini ya vigae pawepo nafasi ya kuhifadhi chumvi na majora ya nguo. Biashara ilikwisha, dari ikabaki. Sisi watoto hatukuruhusiwa kupanda. Kitu kingine kilichobaki cha babu huyo ni lugha. Kwetu Kiswahili kilisemwa kama inavyovaliwa kanzu ya Ijumaa, bila doa. Aliyevuruga "l" na "r" mezani alirudia sentensi nzima kabla ya kupewa mchuzi.

Shangazi Mwamini, mdogo wake baba, alirudi kutoka Bujumbura akiwa na sanduku la bati na mkasi wake wa kushonea. Aliozwa huko na ndugu waliomjulisha asubuhi ya ndoa, akavumilia misimu kadhaa, kisha akaachika. Siku aliyofika alikataa kukaa kitini kabla ya kusema neno lake, na nililisikia, kwa sababu mimi nilisikia kila kitu.

"Kaka, nitakaa kwako na nitashona. Lakini sitolewi tena bila kuulizwa."

"Hutatolewa," baba akasema. "Kaa."

Akakaa. Nafasi haikuwepo, hivyo alilala kitandani mwangu, upande wa ukutani, na miguu yake ilikuwa baridi kama sahani. Alikuwa mtu wa mzaha. Mimi nilikuwa na mazoea ya kuandika, nyuma ya daftari langu la hesabu, mambo yaliyotendeka nyumbani ambayo niliona yanafaa kujulikana, na yeye ndiye aliyenipa jina la Karani.

"Karani, leo kumeandikwa nini?"

"Kwamba umekula kashata mbili."

"Futa moja. Ile ya pili niliionja tu."

Mtu wa tatu ni Karoli. Alikuwa Mnyarwanda Mkatoliki wa upande wa pili wa mlima, mwembamba, mwenye penseli sikioni na maranda kwenye nywele. Baba alimwita atazame dari, na kwa majuma mengi akawa anakuja na kuondoka. Kiswahili chake alikiokota kazini, na kila "l" ilipofika kwenye ulimi wake iligeuka "r". "Mrango huu umeraria," alisema, na mama yangu alijificha nyuma ya kanga. Alipoomba maji alisema, "Nireteeni maji, harafu naenderea." Mimi nilimwiga. Nilikuwa na kipaji hicho, nasema kama taarifa wala si kwa kujisifu. Jioni baada ya chakula shangazi aliniambia, "Haya, tuletee fundi," nami nikaweka penseli sikioni, nikapitisha mkono kichwani kama anayetafuta maranda, nikasema, "Mama, chakura iko wapi? Nimechoka, nataka kurara." Walicheka wote. Baba pia.

Nayataja haya ili ieleweke kwamba nilimfahamu Karoli. Hakuna neno lake lililonishinda. Masikio yangu yaliyageuza yote kabla hayajatua, kama mtu anavyogeuza shati lililovuliwa ndani nje.

Lakini shughuli yao na baba ilinitia shaka tangu mwanzo. Walipanda ngazi mchana, shangazi akiwa sokoni kutafuta uzi na vifungo, na aliporudi walishuka na kuzungumza habari za mvua. Mbao ziliingia kwa mlango wa nyuma. Nilipomwuliza baba wanafanya nini huko juu, alinijibu, "Panya," na mimi nilijua hakuna panya anayehitaji mbao za msonobari. Nikaanza kuandika. Leo wamepanda. Leo wamepanda tena. Leo Karoli ameuliza kama shangazi anapenda jua la asubuhi, baba akasema sana. Kwa nini fundi wa panya ajue shangazi anapenda nini?

Siku niliyopata nilichokuwa nikikitafuta nilikuwa chini ya meza ya kukatia nguo, nikiokota pini kwa sumaku, kazi ambayo nilipewa bila kuombwa ninyamaze. Baba na Karoli waliingia. Baba akafungua kitabu chake cha vipimo, kile ambacho hakikushikwa na mtu mwingine, chenye miili ya nusu ya Biryogo kwa namba.

"Mwamini," akasoma. "Bega mpaka kifundo cha mguu..." Akaisoma namba.

Mtoto wa fundi cherehani anajua kwamba mtu hapimwi bure. Mtu akipimwa, kuna vazi. Na vipimo vya mwanamke havisomwi mbele ya mwanamume asiye wake.

"Hii imeanzia kwa bega," Karoli akasema. "Kichwa je?"

"Kitabu kinaanzia begani. Kichwa hakishonewi."

"Mimi kichwa ndiyo nataka, Mzee."

Wakacheka. Sikuona cha kuchekesha. Baba alikisia kwa kiganja hewani, Karoli akachora mstari na kuandika juu ya ubao aliokuwa ameuegemeza mezani, na ubao huo ulikuwa mbele ya pua yangu, ukitoa utomvu.

"Mahari yake iko nzuri," Karoli akasema. "Mahari ya Mwamini itakuwa tayari mbere ya mvua. Iko juu sasa, imebaki kidogo tu."

"Asiambiwe," baba akasema. "Mpaka iwe tayari kabisa. Namjua dada yangu. Akijua mapema atakataa."

Niliganda na sumaku yangu. Mahari. Maneno yote mengine ya Karoli yalihitaji kugeuzwa, na nisingeweza kuyasikia bila kuyageuza. Hili halikuhitaji. Lilikuwa neno kamili, la watu wazima, lililokaa sawasawa katika sentensi. Laiti angesema "pa"! Kwetu mtoto wa miaka minne alijua kwamba ni mahali pa mtu, na ni mahari ya mtu. Lakini Karoli hakuwahi kuwa na "pa". Vitu vyote duniani kwake vilikuwa "ya".

Hivyo hesabu ikanijia yote kwa pamoja: vipimo vya gauni, kichwa anachokitaka, mahari iliyofichwa darini, na baba yangu mwenyewe, aliyesema hutatolewa, anasema asiambiwe.

Nilikaa na neno hilo siku tatu. Nilimpima baba kwa macho alipokuwa akila, nikaona jinsi alivyokuwa mchangamfu, na uchangamfu wake ukawa ushahidi. Nililala usiku kando ya miguu ile baridi nikijiona mtu pekee mwaminifu nyumbani.

Ijumaa, baba akiwa msikitini na mama akiwa uani anapepeta mchele, nilimkuta shangazi akipiga pasi sare za shule za wateja. Pasi ya makaa ina harufu yake, ya majivu na pamba iliyonyunyizwa maji. Nikasimama mbele yake nikaweka mikono nyuma.

"Karani ana taarifa," akasema. "Soma."

"Shangazi, baba na Karoli wanatayarisha mahari yako. Iko darini. Baba amesema usiambiwe mpaka iwe tayari, kwa sababu utakataa."

Pasi ilisimama. "Mahari?"

"Ndiyo."

"Umelisikia neno lenyewe? Hukutunga?"

"Neno lenyewe."

"Sema tena."

Nikasema tena, polepole, nikalitamka kama tulivyofundishwa. Na hapa ndipo penye kosa langu, ambalo nimelitafuta miaka mingi hadi nikalikuta. Kila siku nyingine maneno ya Karoli nilimfikishia kwa sauti ya Karoli. Siku hiyo, kwa kuwa jambo lilikuwa zito, niliona haifai kuigiza. Niliweka mzaha kando nikamsomea kwa Kiswahili safi cha nyumbani. Kama ningeweka penseli sikioni, kama ningesema "imebaki kidogo tu, itakuwa tayari mbere ya mvua", angecheka kabla sijamaliza. Angeligeuza neno mwenyewe, kwa sababu naye alimjua fundi kama mimi. Nilimnyima sauti, nikampa neno lililosafishwa, na likawa la kweli.

"Na vipimo vyangu?" akauliza, kama anayehakikisha.

"Baba amemsomea. Karoli amesema yeye anataka kichwa."

Shangazi alimalizia mkono wa pili wa shati, akalikunja, akaisimamisha pasi kwenye kigae chake. Kisha akaniinamia akanishika mashavu kwa mikono yenye joto la pasi.

"Asante, mwanangu. Wewe peke yako ndiye uliyeniambia."

Alitoka na sanduku la bati kabla swala haijaisha. Kwa mama alisema anakwenda kumfikishia mteja nguo. Kwa jirani yetu Mama Zuhura aliacha ujumbe mfupi: "Mwambie kaka nimeondoka mwenyewe, kabla sijatolewa." Basi la Bujumbura lilikuwa na nafasi.

Baba alirudiarudia ujumbe ule mpaka ukawa hauna maana. Nani angemtoa? Kwa nani? Hakukuwa na mwanamume aliyeingia kwetu ila mmoja. Jumatatu Karoli alifika kama kawaida, akiwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye karatasi, na baba hakumkaribisha kuketi.

"Ulimwambia nini dada yangu?"

"Mimi? Sijamwambia kitu, Mzee."

"Ulimchezea maneno? Ulijigamba huko Nyamirambo kwenye pombe?"

"Hapana, Mzee. Mimi natengeneza mahari yake tu." Akafungua karatasi. Lilikuwa komeo jipya la chuma. "Hata komeo nimereta. Ya ndani, kama urivyosema, afunge mwenyewe."

"Mahali pake pa nini sasa," baba akasema, "na mwenyewe hayupo?"

Mimi nilikuwa mlangoni, nikikunja vitambaa. Nikalisikia neno likitoka kwa Karoli na "r", likarudi kutoka kwa baba na "l". Walikuwa wakizungumza juu ya kitu kimoja. Hawakuwahi kuzungumza juu ya kingine. Baba alikuwa akimjengea dada yake chumba, cha kwanza maishani mwake chenye dirisha la jua la asubuhi na mlango unaofungwa kwa ndani, na alimficha kwa kuwa alijua atasema msijisumbue, mimi sikai sana. Kichwa kilichotakiwa kilikuwa kile ambacho kisingegonga boriti.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Niliitazama nafasi hiyo. Ilikuwa ndefu kiasi cha kukunja vitambaa viwili. Kisha baba akamwambia Karoli achukue vifaa vyake asirudi, na Karoli akapanda darini kuvichukua, akashuka, akaliacha komeo juu ya meza ya kukatia, akaondoka kwa mlango wa nyuma, ule ule zilikopitia mbao.

Baba alisema kwamba kama dada yake aliweza kuamini hivyo juu yake, basi na aachwe. Wote wawili walikuwa na kiburi cha babu mmoja. Biryogo ilijaza palipobaki wazi: seremala alimtaka mwanamke wa nyumba, mwanamke akakimbia. Mtaani kwetu Karoli hakupata tena hata mlango wa kutengeneza. Nilikuwa nikimwona akipita na msumeno begani kwenda mbali zaidi, na nilivuka barabara.

Nilipokuwa mtu mzima, ofisi ilinituma Bujumbura. Nilimkuta shangazi akishona kwenye baraza la nyumba ya watu, na usiku akilala sebuleni mwao baada ya wageni kuondoka. Aliwaita wenyeji waje wanione. "Huyu ndiye Karani wangu," akawaambia. "Huyu ndiye aliyeniokoa." Nikanywa chai niliyopewa. Nilikuwa mwanamke mwenye cheo, niliyewahi kumrudishia mkuu wangu barua kwa sababu ya koma, na sikusahihisha sentensi hiyo. Habari za kifo chake zilitufikia kabla ya mvua za mwisho. Sanduku la bati lilikuwa bado chini ya kochi la watu.

Ninamshuku Idi kwa haraka yake, na nilimshuku mchora ramani kwa nukta yake nyekundu. Lakini nimejilazimisha kuuliza, jambo ambalo nikiwa mtoto sikulifanya, na nimejibiwa kwamba chumba ni cha binti yake anayerudi kutoka masomoni, na hakikutajwa kwangu kwa sababu walijua ningepinga. Namjua msemaji wa maneno hayo. Nimeshawahi kuyasikia nikiwa chini ya meza.

Kwa hiyo natamka rasmi, na nakala nimempa Idi mkononi. Nadai ubao huo usitundikwe popote kama kichekesho. Nadai ramani isitiwe sahihi na kazi isianze kabla familia haijakaa kikao, na muhtasari wa kikao hicho uandikwe. Nadai aitwe binti yake Karoli, ambaye yuko hai na anajulikana anapokaa, akalishwe kwenye kiti kile ambacho baba yake hakupewa. Na mbele yake nadai niitwe mimi, nisimamishwe, niulizwe swali ambalo hakuna aliyeniuliza: Ulimwambia nini Mwamini?

Nitajibu neno kwa neno. Na nitalijibu kwa sauti ya Karoli.